Wati Ngapi Zinamtosha Mpiga Besi Nyumbani? Mjadala wa Sauti Nne

Gitaa la besi la umeme halina tumbo la mbao la kuikuza sauti yake, na likipigwa bila kuunganishwa na chombo kingine husikika kwa shida hata na aliyelipakata. Kwa hiyo kila anayetaka kujifunza kulipiga nyumbani hulazimika kuamua mapema ni amplifaya gani atakayonunua, kwa fedha kiasi gani, na kwa kuzingatia masikio ya nani. Amplifaya ni kifaa kinachopokea mkondo dhaifu wa umeme unaozalishwa na sumaku zilizozungushiwa waya chini ya nyuzi, kikauongezea nguvu na kuupeleka kwenye spika, ambayo huugeuza kuwa mtikisiko wa hewa. Amplifaya za mazoezi, ambazo ndizo zinazojadiliwa hapa, kwa kawaida hufungwa pamoja na spika yake ndani ya boksi moja linaloweza kubebwa na mtu mmoja.

Kwa muda mrefu swali hili halikuwahusu wapiga besi wengi wa Afrika Mashariki. Katika enzi ya bendi za dansi, vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi, awe ni chama, shirika la umma, jeshi au mfanyabiashara. NUTA Jazz, kwa mfano, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na mwanamuziki aliyeajiriwa katika bendi ya namna hiyo alifanya mazoezi ukumbini, kwa vyombo vya ukumbini, kisha akarudi nyumbani mikono mitupu. Leo mambo yamegeuka, kwa kuwa kijana wa kwaya au wa bendi ya mtaani mara nyingi hulimiliki gitaa lake mwenyewe na hulala nalo chumba kimoja, lakini hana ukumbi, na jukumu la kuchagua amplifaya ambalo zamani lilikuwa la meneja wa bendi limekuwa lake na la wazazi wake.

Sauti nne zinazokutana katika mjadala huu ni misimamo inayosikika karibu kila mara jambo hili linapozungumzwa. Yupo Mkongwe, aliyepiga besi katika bendi za dansi. Yupo Fundi, anayetengeneza redio na spika. Yupo Mwalimu wa muziki. Na yupo Mama, ambaye binti yake amepata gitaa la besi la mtumba na anajiandaa kupigia kwaya ya kanisa.

MKONGWE: Besi si ya kusikiwa kwa sikio peke yake. Ni sauti inayopaswa kumfikia mchezaji kupitia sakafu, na waliotengeneza vyombo hivi walilijua hilo tangu mwanzo, kwani Leo Fender alipotoa besi yake ya Precision mwaka 1951 hakukaa, bali mwaka uliofuata alitoa na amplifaya yake, Bassman, yenye spika ya inchi 15. Kampuni ya Ampeg nayo ilipotoa B-15 mwaka 1960, amplifaya iliyopendwa na wapiga besi wengi wa Marekani akiwemo James Jamerson wa Motown, spika yake ilikuwa ya inchi 15 vilevile. Kumpa mwanafunzi kiboksi chenye spika ya inchi 8 ni kumfundisha besi isiyokuwa na besi. Na ubaya wake hauishii masikioni, bali huingia kwenye vidole, kwa sababu mwanafunzi asiposikia uzito anaoutarajia huutafuta kwa kuzivuta nyuzi kwa nguvu, na baada ya mwaka mmoja mkono wake unakuwa umeshazoea nguvu ambayo jukwaani haihitajiki hata kidogo.

Hoja hiyo ya vidole ndiyo nzito kuliko zote zilizotolewa upande wa Mkongwe, na atakayeshindwa kuijibu hana haki ya kumshauri mtu anunue amplifaya ndogo. Fundi hakuikwepa, ingawa alianza na ile iliyo nyepesi zaidi, yaani ya inchi.

FUNDI: Mzee, hoja ya vidole ni ya kweli na itarudiwa, lakini ya inchi inahitaji kuchambuliwa. Uzi mnene kuliko zote katika besi ya nyuzi nne, ule wa E, hutetema mara 41 hivi kwa sekunde, na kila mtetemo mmoja kwa sekunde huitwa hezi. Uzi wa A una hezi 55, wa D hezi 73 na wa G hezi 98. Spika hutoa sauti kwa koni yake kwenda mbele na nyuma ikisukuma hewa, na kila sauti inaposhuka kwa oktava moja, yaani hezi zinapopungua kwa nusu, koni hulazimika kwenda umbali mara nne ya ule wa awali ili nguvu ya sauti ibaki ileile. Koni ya inchi 8 ina eneo lisilofikia hata theluthi ya eneo la koni ya inchi 15, kwa hiyo ikidaiwa hezi 41 kwa sauti kubwa hufika mwisho wa mwendo wake na kuanza kukoroma. Hilo halina ubishi. Hata hivyo, uzi wa E hautoi hezi 41 peke yake, bali hutoa pia 82, 123, 164 na kuendelea, sauti za juu zinazozaliwa pamoja na ile ya msingi katika uzi uleule, na ubongo wa binadamu ukizipata hizo kwa mpangilio wake huitambua noti kuwa ni E ya chini hata kama hezi 41 zenyewe hazikufika sikioni. Ndiyo maana wasikilizaji wa redio ndogo za betri waliweza kuufuata mstari wa besi wa bendi wanazozipenda, ilhali spika za redio hizo hazikuwa na uwezo wowote wa kuitoa sauti ya msingi ya noti zile. Na kama ni kutaja mifano mikubwa, basi amplifaya ya Ampeg SVT iliyotoka mwaka 1969, yenye wati 300 na iliyokusudiwa kumbi kubwa kabisa, haikutumia spika za inchi 15 bali za inchi 10, nane katika kila boksi. Kinachohesabika ni jumla ya eneo la koni pamoja na ukubwa wa boksi lenyewe.

MKONGWE: Spika nane za inchi 10, Fundi. Huyu binti atapewa moja, tena ya inchi 8.

FUNDI: Naye atapigia chumba kimoja, Mzee, si Uwanja wa Taifa.

MWALIMU: Kabla ya kuendelea na vipimo, ni vema kuulizana mazoezi ya nyumbani yanarekebisha kitu gani. Kinachorekebishwa ni mwanzo wa noti na mwisho wake. Mwanafunzi wa kawaida hupiga noti sahihi mahali sahihi, lakini huiacha ining'inie juu ya noti inayofuata, au uzi wa jirani hubaki ukitetema kwa sababu hakuna kidole kilichouzima. Katika rumba ya Kongo, na katika dansi la Tanzania lililojengwa juu yake, mpiga besi huacha nafasi zilizo wazi kati ya noti, na mchezaji huitegemea nafasi hiyo ili ajue mguu ushuke wapi, kiasi kwamba besi ikiijaza kwa mngurumo magitaa mengine yote hupoteza mahali pa kukaa. Katika benga ya magharibi mwa Kenya besi hukimbia karibu sambamba na gitaa la mbele, na noti zisipokatwa vizuri hugeuka uji. Mwanafunzi anahitaji chombo kitakachomwonyesha makosa hayo waziwazi, na makosa hayo yanakaa katika sauti za kati, takriban hezi 200 hadi 1,000, ambazo spika ya inchi 8 au 10 huzitoa bila taabu. Boksi kubwa lililowekwa katika chumba kidogo hutoa mngurumo mwingi kuliko noti, na mngurumo huyasitiri makosa.

MKONGWE: Mngurumo hupunguzwa kwa kushusha sauti, Mwalimu. Amplifaya kubwa haimlazimishi mtu kuipandisha.

Hapa ndipo mjadala ulipofikia kiini chake, na inafaa kukaa hapo kwa muda. Mwaka 1933 watafiti wawili wa maabara za Bell nchini Marekani, Harvey Fletcher na Wilden Munson, walichapisha vipimo vinavyoonyesha jinsi sikio la binadamu linavyozipokea sauti za juu na za chini kwa viwango mbalimbali vya nguvu. Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli, kipimo ambacho sifuri yake imewekwa karibu na sauti hafifu kabisa inayoweza kusikika na sikio zima. Katika hezi 1,000 sikio huanza kusikia karibu na sifuri hiyo, lakini katika hezi 40 halisikii chochote mpaka sauti ifikie desibeli 50 hivi. Maana yake ni kwamba sauti nzima inaposhushwa kwa kiasi kilekile, sauti za chini huzama kwanza chini ya kizingiti cha sikio huku za kati zikiendelea kusikika, na hakuna spika duniani inayoweza kulizuia jambo hilo, kwa kuwa linatokana na sikio lenyewe.

FUNDI: Kwa hiyo, Mzee, anayenunua boksi la inchi 15 na kulipiga kwa sauti ya chumbani amelipia hezi 41 asizozisikia. Amebeba uzito wake, ametoa fedha zake, ametengea chumba nafasi yake, na kinachomfikia ni zile sauti za kati ambazo boksi dogo lingempa vilevile. Akilipandisha mpaka hezi hizo zisikike, basi zimeshasikika pia kwa majirani, maana sauti za chini hupenya ukuta wa matofali kwa urahisi kuliko za juu.

Mkongwe hakukubali moja kwa moja, na hakupaswa kukubali, kwa sababu hoja ya Fundi inasimama tu endapo amplifaya hiyo haitatoka chumbani. Lakini kwa matumizi ya nyumbani pekee, huu ndio ukweli unaopaswa kuongoza ununuzi: ubora wa amplifaya ya mazoezi upimwe kwa sauti ndogo, kwa namna noti zinavyoanza na kukoma waziwazi wakati mtu wa chumba cha pili analala. Wauzaji wengi hufanya kinyume kwa kuipandisha hadi mwisho ili mteja astaajabu, na mteja huondoka akiwa amepima kitu ambacho hatakihitaji.

MAMA: Yote hayo yamesikika, lakini nyumbani ipo sabufa tayari, ile ya kusikilizia muziki yenye boksi moja kubwa na vispika viwili. Imeandikwa wati elfu kadhaa. Kwa nini fedha zitafutwe tena kwa ajili ya kitu chenye wati 25?

Swali la Mama ndilo linaloulizwa zaidi majumbani, na halistahili kudharauliwa, kwa kuwa sabufa ipo karibu kila nyumba yenye umeme na binti anaweza kuanza nayo leo bila kutumia hata shilingi moja.

FUNDI: Mama, hizo elfu ni herufi nne, PMPO, ambazo huandikwa pembeni ya namba kwa maandishi madogo. Hudaiwa kuwa ni nguvu ya kilele ambayo chombo kinaweza kuitoa kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, na hakuna kanuni inayomlazimisha mtengenezaji kuipima kwa njia moja na mwenzake. Kipimo cha maana ni nguvu ya wastani ambayo chombo kinaweza kuitoa mfululizo, inayoandikwa kwa herufi RMS. Anayetaka kujua ukweli aigeuze sabufa na kusoma kibandiko cha nyuma, palipoandikwa wati zinazotumiwa na chombo kutoka kwenye soketi. Kama kinatumia wati 60, hakiwezi kutoa elfu mbili mfululizo, kwa kuwa umeme hauongezeki ukiwa ndani ya boksi. Hilo ni la kwanza. La pili ni kwamba sumaku za gitaa la besi lisilo na betri zinahitaji kuunganishwa na mlango wenye ukinzani mkubwa sana, karibu omu milioni moja, ukinzani ukiwa ni kiasi ambacho mlango huo unauzuia mkondo wa umeme kupita. Milango ya sabufa ile ya pini nyekundu na nyeupe kwa kawaida huwa na omu elfu kumi au elfu ishirini hivi, kwa hiyo huunyonya mkondo wa gitaa na kuua sauti zake za juu, na gitaa likasikika kama limefunikwa blanketi. La tatu, boksi la sabufa limetengenezwa lipendelee eneo dogo la sauti za chini ili nyimbo zilizorekodiwa zipige kifuani, na matokeo yake noti mbili tatu hunguruma kupita kiasi na nyingine hupotea, hata binti akadhani vidole vyake ndivyo vyenye kosa.

MWALIMU: Na la nne, nyimbo zilizorekodiwa zimeshabanwa studioni zisivuke kiwango fulani, lakini uzi wa besi uliovutwa kwa nguvu hutoa mshituko wa ghafla ambao hakuna aliyeubana. Sabufa ikipandishwa sauti, mshituko huo huweza kuchana koni au kuunguza koili, yaani ule waya uliosukwa nyuma ya koni ndani ya sumaku. Mama atakuwa amepoteza redio ya nyumba nzima.

Inafaa kuongeza kwamba amplifaya ya gitaa la kawaida, ambayo kanisa linaweza kuwa nayo moja iliyokaa stoo, ina nafuu kuliko sabufa, kwa kuwa mlango wake una ukinzani unaofaa. Sauti ya besi itakuwa nyembamba, na spika itakuwa hatarini tu endapo itapandishwa. Kwa miezi ya mwanzo, kwa sauti ya chini, mwanafunzi anaweza kuitumia bila hofu.

MAMA: Tuseme sabufa imeachwa. Nyumba ni ya kupanga, vyumba sita na korido katikati, na chumba cha pili kuna mtoto mchanga. Hata hicho kidogo kitapigwa saa ngapi?

MWALIMU: Ndiyo maana tundu la hedifoni ni sharti, si pambo. Hedifoni zinazofunika sikio lote humpa mwanafunzi hata zile hezi 41 ambazo boksi haliwezi kuzitoa, kwa kuwa kiasi cha hewa kinachosukumwa kati ya koni na ngoma ya sikio ni kidogo sana. Achunge tu kiwango, kwani Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki katika desibeli 80, na kadiri desibeli zinavyoongezeka muda huo hupungua haraka. Liwepo pia tundu la kuingizia muziki kutoka kwenye simu, ili apige pamoja na wimbo, maana besi inayofanyiwa mazoezi peke yake bila ngoma hujifunza kukimbia.

MKONGWE: Hedifoni zinamfungia mtu ndani ya kichwa chake. Kama ni hivyo, basi asinunue amplifaya kabisa. Vipo vifaa vidogo vinavyochomekwa moja kwa moja kwenye gitaa na hedifoni zikachomekwa humo, tena kwa bei nafuu zaidi.

Jambo hili Mkongwe alilisema kama shutuma, ilhali kwa baadhi ya watu ni ushauri mzuri kabisa. Mwanafunzi anayeishi bwenini, au katika chumba ambacho hakuna saa hata moja ya mchana inayoruhusu kelele, atapata faida kubwa zaidi kwa kifaa cha aina hiyo na hedifoni nzuri kuliko kwa amplifaya atakayoiangalia tu. Kasoro yake ni kwamba hakuna mwingine anayesikia. Mwalimu hawezi kumsahihisha, mwimbaji hawezi kuketi naye, na mpigaji hazoei kuisikia sauti yake ikitoka mahali fulani nje ya mwili wake, kama itakavyotoka kanisani. Kwa binti wa kwaya, kasoro hiyo ni kubwa.

Kuhusu wati, mjadala ulikuwa mfupi, kwa kuwa hesabu yake haina pande mbili. Kuzidisha wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua bila kushtuka, na ili sauti isikike kama imekuwa maradufu zinahitajika wati mara kumi. Kwa hiyo wati 40 dhidi ya 25 si tofauti ya kumfanya mtu akope. Wati 15 hadi 40 zinatosha kwa chumba, kwa sebule, na kwa kusindikiza gitaa lisilo la umeme; anayepiga pamoja na seti nzima ya ngoma atahitaji 100 au zaidi, na hapo amekwisha kutoka katika suala la mazoezi ya nyumbani.

Fundi alitaja mifano. Fender Rumble 25 ina wati 25 na spika ya inchi 8; ndugu yake, Rumble 40, ina wati 40 na spika ya inchi 10. Ampeg RB-108 ina wati 30 na inchi 8. Orange Crush Bass 25 ina wati 25, inchi 8, na kifaa cha kupangia nyuzi humohumo ndani. Kwa mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara ipo Roland Micro Cube Bass RX, yenye spika nne za inchi 4 na midundo ya ngoma ya kufanyia mazoezi, inayokubali betri za kawaida, ingawa wati zake ni chache. Alipoulizwa angechagua ipi, Fundi alisema kwamba kati ya spika ya inchi 8 na ya inchi 10 angeangalia kwanza ukubwa wa boksi, kwa kuwa spika ya inchi 10 iliyosongwa katika boksi dogo mno hupoteza sehemu kubwa ya faida yake.

MAMA: Bei za vitu hivyo vikiwa vipya hazitamkiki. Vilivyotumika je?

FUNDI: Vilivyotumika ndivyo vya kutafuta, Mama, kwa sharti la kuvikagua. Kwanza kisomwe kibandiko cha nyuma, kwa sababu vingi huletwa kutoka Marekani ambako umeme ni volti 120, na kikichomekwa kwenye soketi ya volti 230 ya Tanzania au 240 ya Kenya bila transfoma ya kushushia, kitaungua papo hapo. Pili, kikiwa kimezimwa, koni isukumwe taratibu kwa vidole vya mikono miwili kwa usawa. Ikikwaruza, koili imepinda au imeungua. Tatu, kila kitufe kizungushwe amplifaya ikiwa imewashwa, na mkwaruzo unaosikika mara nyingi ni vumbi linalosafishika kwa dawa ya kupuliza, hivyo usiwe sababu ya kukataa bali ya kupunguziwa bei. Nne, amplifaya ikiwa bubu kabisa lakini taa yake inawaka, plagi ya hedifoni ichomekwe na kuchomolewa mara kadhaa, kwa sababu ndani ya tundu hilo kuna swichi ndogo inayoikata spika hedifoni zinapoingia, na swichi hiyo ikishika kutu huiacha spika imekatwa moja kwa moja. Amplifaya nyingi zinazouzwa kama mbovu zina ugonjwa huo tu.

MWALIMU: Na waya wa tatu wa plagi, Fundi.

FUNDI: Huo hauna mjadala. Wapo wanaoukata waya wa ardhini ili kuondoa mvumo wa umeme, na mvumo kweli huondoka. Lakini nyuzi za besi zimeunganishwa na bati la ndani la amplifaya kupitia waya wa gitaa, na mkono wa mpigaji uko juu ya nyuzi hizo muda wote. Hitilafu ikitokea ndani, umeme utakaokosa njia ya ardhini utapita mwilini mwake. Mvumo utafutiwe dawa kwingine, kwa kubadili waya wa gitaa, kusogea mbali na transfoma na taa, au kubadili soketi, na fundi atakayependekeza kuukata waya huo asirudiwe tena.

Kabla ya kufunga, Fundi aliongeza jambo ambalo halina gharama na ambalo wanunuzi wengi hulikosa. Chumba chenyewe hupendelea baadhi ya noti, kwa sababu sauti inayogonga kuta mbili zinazotazamana hujijenga pale ambapo nusu ya urefu wa wimbi lake inalingana na umbali kati ya kuta hizo. Katika chumba cha mita tatu kwa tatu jambo hilo hutokea karibu na hezi 57, yaani kati ya noti ya A na ile inayoifuata juu yake, na amplifaya ikisukumwa pembeni kwenye kona mngurumo huo huzidi. Mwanafunzi anayelalamika kwamba A yake inavuma na noti nyingine hazisikiki aisogeze amplifaya kutoka ukutani, aiinue juu ya kiti na kuielekeza sikioni mwake. Hapo ndipo hoja ya Mkongwe kuhusu vidole ilipopata jibu lake la kwanza, kwa kuwa anayesikia wazi hana haja ya kuvuta kwa nguvu, na wengi huvuta kwa nguvu kwa sababu tu spika inapigia vifundo vya miguu yao.

MKONGWE: Jibu la kwanza, ndiyo. Na siku ya kanisani atafanya nini na wati zake 25?

FUNDI: Anunue yenye tundu la kutolea sauti kwenda kwenye mixa, kama ile Rumble 40, kisha spika za kanisa zibebe mzigo na yake imsikilizishe yeye tu. Hata huyo Jamerson wa Motown, besi yake katika studio ya Detroit mara nyingi ilipelekwa moja kwa moja kwenye mixa, na hakuna aliyelalamika kwamba haina uzito.

Mkongwe aliikubali hoja hiyo, kisha akashikilia jambo moja ambalo hakuna kati ya watatu aliyempinga, nalo ni kwamba amplifaya ndogo haimfundishi mtu jinsi besi inavyojibu inapokuwa kubwa, na kwamba somo hilo halinunuliwi bali huombwa. Binti apelekwe kanisani siku ya mazoezi ya kwaya, saa moja kabla waimbaji hawajafika, asimame mita mbili mbele ya boksi kubwa, apige uzi wa E usiobanwa kwa nusu ya nguvu aliyoizoea chumbani, na aendelee kuipunguza nguvu hiyo mpaka noti itakapoanza kufifia, ili mkono wake ujue kikomo cha chini kiko wapi kabla ya Jumapili ya kwanza.